Kabla hujamlipa mshauri wa vifungashio, mpeleke kwanza dukani Makambako

Najua wengi mnasubiri ile makala ya ukungu wa viazi, na itakuja. Leo naanza na jambo lililonitoa nyumbani Jumamosi moja asubuhi, maana simu za namna hiyo zinazidi kuwa nyingi.

Aliyenipigia ni mhazini wa kikundi cha vijana upande wa Lupembe. Wako saba, watano wa kiume na wawili wa kike. Wana miti ya wazazi wao, milingoti na miwati, na badala ya kuuza miti imesimama kwa dalali, wakanunua mashine ya kuranda wakaanza kutengeneza mipini: ya majembe, ya mashoka, ya sululu. Kwa miaka miwili wamekuwa wakiuza kwa mtu anayekuja na Fuso, anahesabu haraka haraka, analipa anavyotaka. Sasa wamechoka. Wanataka mipini yao isimame kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Njombe na Makambako, ikiwa na jina lao, halafu siku moja ifike Mbeya na Dar. Wamechukua mkopo wa vijana wa halmashauri, ile asilimia 4 ndani ya asilimia 10 ya mapato ya ndani. Hauna riba, ndiyo, ila unarudishwa.

"Bwana shamba, shikamoo," akaniambia. "Kuna mtaalamu wa vifungashio yuko hapa. Anataka tulipe nusu leo. Naomba uje umsikilize kabla hatujasaini."

Nikawasha pikipiki.

Niseme ukweli, yule kaka alinivutia hata mimi. Alikuwa amevaa vizuri, ana kompyuta, anaongea kwa adabu. Akatuonyesha picha ya boksi jekundu refu lenye dirisha la plastiki, mpini unaonekana ndani kama saa ya dukani. Nembo, msimbo pau, jina la kikundi kwa herufi za dhahabu. Vijana wakatabasamu. Nani hatabasamu akiona jina lake limeandikwa hivyo?

Ada yake ya ushauri na ubunifu ilikuwa shilingi 1,800,000. Maboksi yangechapwa kwenye kiwanda anachokijua yeye, oda ya chini 5,000, kila boksi shilingi 850. Mhazini akaandika kwenye daftari: 5,000 mara 850 ni 4,250,000. Ongeza ada, 6,050,000. Mkopo wao wote ulikuwa milioni 8. Na mpini mmoja wanauza jumla kwa 2,200. Yaani katika kila mpini, karibu asilimia 39 ya bei inakwenda kwenye karatasi itakayotupwa.

Nilipaswa kusema kitu palepale. Sikusema. Nikajikuta naangalia zile herufi za dhahabu. Aliyeokoa jahazi ni mhazini mwenyewe, binti mpole ambaye kwenye vikao hasemi sana.

"Kaka, samahani. Na kiwandani kule wanakulipa chochote tukiagiza?"

Kaka akacheka kidogo. "Ni kawaida, dada. Kuna kidogo kinarudi."

Sasa tulieni hapa kidogo, maana ndipo penye jambo. Kupokea kamisheni si wizi. Ndivyo biashara ya uchapaji inavyokwenda, na yule kaka alijibu bila kuficha, namheshimu kwa hilo. Lakini mtu anayelipwa kwa kila boksi hawezi kukushauri kwamba huhitaji boksi. Hata akiwa mwema kiasi gani. Wewe unadhani umemwajiri mshauri, kumbe umemkaribisha muuzaji, tena umempa ada ya kuja kukuuzia.

Nawaambia kwa sababu mimi mwenyewe nimeshachoma kidole. Miaka michache iliyopita nilikipeleka kikundi kimoja cha wafuga nyuki kwa mtu aliyenipendeza kwa maneno. Sikumuuliza analipwa na nani, sikumuuliza kazi zake za nyuma. Wakachapa lebo 2,000 za chupa ya nusu lita. Chupa hiyo ikaadimika sokoni, iliyopatikana ina mgongo mwembamba zaidi, lebo zikawa zinapishana na kukunjana. Walizitumia kuwashia moto wa kuyeyusha nta. Tukikutana mnadani mwenyekiti wao bado ananitania, ila mimi utani huo unaniuma.

Kwa hiyo Lupembe nikaomba jambo moja: wasisaini siku hiyo. Jumanne twende Makambako, na mshauri aje nasi. Akasema ana ratiba, angeendelea kwa simu. Basi, tukaenda wenyewe, mimi, mhazini na fundi wao mkuu, na mipini kumi kwenye kiroba.

Mnaoijua Makambako mnajua kwa nini niliichagua. Ni pale barabara kuu ya Dar hadi Zambia inapokutana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita hapohapo. Mzigo wa kwenda kusini unashukia pale, wa kutoka kusini unapakiwa pale. Mwenye duka la vifaa Makambako anauza kwa fundi wa mjini, kwa mkulima wa Wanging'ombe, na kwa mchuuzi anayepeleka Ludewa. Kitu kikikubalika pale, kimefanyiwa mtihani mgumu.

Tukaingia kwa mama mmoja mwenye duka kwenye barabara ya Songea. Kamwene, kamwene, tukakaribishwa. Fundi akamwonyesha ile picha ya boksi kwenye simu.

Mama akaitazama, akairudisha. "Wanangu, hili ni sanduku la kuzikia mpini?"

Tukacheka, lakini yeye hakuwa anatania. Akatutoa nje akatuonyesha pipa la chuma lililojaa mipini. "Subirini mteja aje muone." Haikupita robo saa, akaja mzee na jembe lake mkononi, halina mpini. Akachomoa mmoja, akaufunga jicho moja na kuutazama kwa urefu kama anapiga bunduki, kuona kama umenyooka. Akageuza, akafuata nyuzi za mti kwa kidole. Akaugonga chini, akasikiliza mlio. Akajaribisha kichwa chake kwenye tundu la jembe lake. Akaurudisha. Akarudia na mwingine. Wa nne ndio akanunua.

Mpini uliofungiwa kwenye boksi haugongwi, haujaribishwi. Yule mzee angeuacha.

Halafu mama akatueleza matatizo yake halisi, na hakuna hata moja lililokuwa kwenye ile picha. La kwanza, mipini inamfikia kwenye viroba vya hamsini, wakati mwingine arobaini na saba, anahesabu upya kila mara na kugombana na dereva. La pili, inapasuka ncha ikikaa wiki mbili nje, maana upepo wa Makambako haumwonei huruma mtu. La tatu, mingine inakuja na mabaka meusi, wateja wanadhani imeoza. La nne, ukivunjika mpini mteja anarudi kwake, na yeye hajui umetoka kwa nani kwa sababu yote imefanana. "Nikijua wa nani ni mzuri, nitaagiza kwake. Sasa najuaje?"

Mhazini aliandika yote. Kwenye gari wakati wa kurudi, fundi akauliza: "Sasa hapo mshauri wa nini? Si mama ameshamaliza?"

Swali zuri. Mama alitutajia ugonjwa, dawa hakuitaja. Nani anajua kwa nini mpini unapasuka ncha na si katikati? Nani anajua mabaka meusi yametoka wapi? Mshauri mzuri wa vifungashio analipwa kwa kujua mambo hayo, na mchoro unafuata baadaye. Ngoja niwaeleze tulichojifunza, maana ni elimu ya bure kwa kila mwenye miti.

Mti unatoa maji kwa haraka zaidi kupitia ncha zake kuliko kupitia ubavuni, kwa sababu mirija iliyokuwa inapandisha maji kutoka kwenye mizizi imekatwa pale, iko wazi. Ncha inakauka na kusinyaa wakati katikati bado kuna unyevu. Zinavutana, ncha inachanika. Mlingoti ni mkorofi zaidi kwa hilo. Ukiutoa mpini Njombe kwenye ukungu na baridi, ukauweka Makambako kwenye jua na upepo, umeuhamisha hali ya hewa kwa safari ya saa moja na kidogo. Dawa yake si boksi. Dawa ni kuziba ncha, kwa nta au kwa rangi ya mafuta, mapema, kabla mti haujakauka.

Sasa fikiria kinyume chake. Mpini wenye unyevu mwingi ukiuvisha plastiki ukaupeleka Dar kwenye joto, maji yanatoka kwenye mti yanagota kwenye plastiki. Ndani ya siku chache una mpini wenye manyoya ya kijani. Ukungu wa mbao hauna nguvu mti ukiwa chini ya asilimia 20 ya unyevu. Mpini wa kuuza ulenge 12 hadi 15. Kupima hakuhitaji mashine ya gharama. Kata kipande cha mpini, kipime kwenye mzani wa jikoni wa kidijitali. Tuseme gramu 240. Kikaushe kwenye oveni ya nyuzi joto 100 na kidogo, upime tena na tena hadi uzito usipungue. Kikibaki gramu 200, basi maji yalikuwa gramu 40 juu ya gramu 200 za mti mkavu: asilimia 20. Bado. Rudisheni kwenye banda.

Na mabaka meusi? Hilo lilinifurahisha, kwa sababu jibu lake limelala Njombe tangu mwaka 1949, ilipoanzishwa kampuni ya miwati, TANWAT. Miwati ilipandwa huku kwa ajili ya tanini ya gome, ile ya kulainishia ngozi. Tanini ikikutana na chuma penye unyevu inageuka nyeusi kama wino. Vijana wetu walikuwa wanafunga mipini mibichi ya mwati na mlingoti kwa waya ule mwembamba wa kufungia nondo. Walikuwa wanaipaka wino wenyewe.

Boksi la dhahabu lisingeondoa hata tatizo moja kati ya hayo. Tena karatasi ya boksi ikinyonya unyevu inalegea, na msimu wa mvua ukiweka maboksi matano juu ya mengine kwenye stoo ya Njombe, la chini linakaa kitako.

Basi wakaamua kutafuta mshauri upya. Kwenye neno lenyewe "mshauri wa vifungashio" kuna watu wa aina tofauti, na kosa la wengi ni kuwaweka kapu moja. Yupo mbunifu wa michoro, kazi yake nembo na rangi. Yupo wakala wa kiwanda cha maboksi au mifuko, huyu anajua bei na muda wa kuchapa. Yupo anayefuatilia vibali, anajua milango ya ofisi. Na yupo mtu aliyewahi kushika mzigo wenyewe, aliyekaa stoo, aliyepokea bidhaa zilizorudishwa. Wote wana nafasi yao. Ukiwa na asali au mafuta ya parachichi yanayokwenda supamaketi, yule kaka wa boksi jekundu anaweza kukufaa kabisa, kwa sababu kule mteja ananunua kwa macho. Mpini unanunuliwa kwa mkono.

Tuliulizia SIDO, tukauliza wenye maduka, tukauliza madereva. Yalipatikana majina matatu. Wawili walitaka kutuma mchoro kwanza kwa WhatsApp. Wa tatu, mama mmoja wa Iringa aliyewahi kusimamia stoo ya msambazaji wa vifaa vya ujenzi, alisema: "Msinitumie mpini mzuri. Nitumieni iliyovunjika na iliyorudishwa."

Hapo nikajua.

Alipokuja hakuja na gari dogo, alipanda basi lilelile linalobeba mizigo yao, akaona kuli anavyorusha furushi kutoka juu ya keria. Akauliza maswali ambayo hatukuwa nayo. Mzigo unalala wapi usiku? Nani anaushusha? Duka linaweka mipini imesimama au imelazwa? Mteja anasoma, au anatambua kwa alama?

Hilo la mwisho msilipuuze. Kampuni ya Chillington ya Wolverhampton, Uingereza, iliuza majembe yake Afrika kwa alama ya mamba, na watu waliomba jembe la mamba bila kujua jina la kiwanda wala kusoma herufi hata moja. Hakukuwa na boksi. Alama ilikuwa kwenye chuma chenyewe, na jembe lilipofika shambani alama ilifika nalo, jirani akaiona. Boksi jekundu lingeishia jalalani siku ya kwanza, na jina la kikundi nalo.

Kabla ya kumpa kazi, mhazini alimuuliza lile swali lake: nani mwingine anakulipa? Akajibu hana kiwanda, na akikubali kamisheni popote ataiandika kwenye mkataba na kuipunguza kwenye ada. Tukaomba namba za wateja wake watatu. Mimi niliwapigia, na swali langu lilikuwa moja tu: mliagiza kifungashio hichohicho mara ya pili? Usiulize kama walipenda. Kila mtu anapenda kitu kipya. Oda ya pili ndiyo inayosema kweli. Wawili walisema ndiyo. Wa tatu akasema hapana, biashara ilikufa, ila si kwa sababu ya yule mama, akaeleza sababu. Jibu hilo la wa tatu ndilo lililonipa imani zaidi, maana angeweza kutupa majina ya waliofanikiwa tu.

Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiswahili. Ada 450,000 kwa awamu tatu: 100,000 baada ya kutembelea maduka na kuandika alichokiona, 150,000 akileta sampuli, 200,000 baada ya wiki sita za majaribio dukani. Angalia hapo, kipande kikubwa kiko mwisho. Anayeogopa mpango kama huo anakwambia jambo fulani kuhusu kazi yake. Tukaandika pia kwamba michoro na mafaili yake ya asili, yale yanayoweza kufanyiwa marekebisho, ni mali ya kikundi na yanakabidhiwa kwenye flashi. Nimeona watu wakishindwa kubadilisha namba ya simu kwenye lebo yao wenyewe kwa sababu faili analo mbunifu na mbunifu hapokei simu.

Alichopendekeza hakina mvuto wowote kwenye picha. Mipini inafungwa kumi kumi kwa mikanda miwili ya nailoni, hakuna waya tena. Ncha zote mbili zinachovywa kwenye rangi nyekundu ya mafuta: inaziba mirija, na papo hapo ukiwa ng'ambo ya barabara unaona pipa lenye vichwa vyekundu unajua ni la nani. Jina la kikundi linachomwa kwa chapa ya moto karibu na mahali pa kushikia, kwa hiyo halitoki. Kwenye kila furushi kuna kadi moja inayosema ni mpini wa nini, ipo mingapi, urefu kwa sentimita, mti gani, na namba ya simu. Basi.

Mikanda 150, kadi 100, kwa furushi. Gawanya kwa kumi, 25 kwa mpini. Rangi nayo 25 hivi. Jumla shilingi 50 kwa mpini, badala ya 850.

Mambo ya sheria nitayapitia haraka, kwa sababu washauri wengi wanayatumia kukutisha ili ulipe. Msimbo pau unatolewa na GS1 Tanzania, na wa kampuni zilizosajiliwa hapa unaanza na 620. Usinunue namba mtaani, utakuja kukuta ni ya sabuni ya mtu. Na kama maduka unayouzia hayana mashine ya kusoma, subiri, pesa hiyo nunulia nta. Alama ya TBS haiwekwi kwenye kifungashio bila leseni hata kama mbunifu anasema inapendezesha. Wajasiriamali wadogo wana utaratibu wa nafuu, na mlango wake ni barua ya SIDO. Mnaofungasha bidhaa za kupimwa, iwe misumari ya robo kilo au unga wa lishe, uzito halisi bila mfuko uandikwe, na mzani uwe umehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Wale wale wanaowasumbua kwenye lumbesa za viazi, ndiyo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, Zanzibar walitangulia mwaka 2006. Vifungashio vya bidhaa vina masharti yake, waulizeni NEMC kabla ya kuchapa, si baada. Na ninyi wa mazao ya misitu, msipakie bila kuuliza TFS habari ya hati ya kusafirishia. Kifungashio kizuri hakikutoi kwenye kizuizi.

Majaribio yakaanza: mipini 200, mia kwa yule mama Makambako, mia kwenye duka moja Njombe mjini. Msidhani kila kitu kilinyooka. Kadi za kwanza zilikuwa za karatasi ya kawaida, mvua ya siku ya tatu ikazifanya uji. Mshauri akabadilisha kwa gharama yake, akatumia karatasi iliyopakwa plastiki. Rangi ya kundi la kwanza ilibanduka kwa sababu vijana waliichovya mipini ikiwa na umande, hilo lilikuwa kosa letu. Njombe mjini iliuzika mipini 38 tu kwa wiki sita. Mwenye duka anasema watu wa pale wanachonga wenyewe, miti wanayo nyuma ya nyumba. Nadhani yuko sahihi, na lilikuwa jambo la kujua kabla ya kuchapa maboksi 5,000.

Makambako iliisha wiki ya nne. Mama akapiga simu mwenyewe, akataka mafurushi kumi na mawili, na akauliza kama wanaweza kutengeneza ya nyundo, ikiwa na kabari yake imefungwa pembeni, kwa sababu mafundi wanapoteza muda kuchonga kabari. Mpini mmoja ulirudishwa umevunjika. Kwa mara ya kwanza kikundi kilijua ni wao: chapa ilikuwepo. Fundi alikwenda kuuchukua, akakuta fundo la tawi palepale ulipovunjika. Sasa kila mpini wenye fundo unatolewa kabla ya rangi. Ile milioni 6 haikutumika. Sehemu yake imejenga banda la kukaushia lenye paa la bati, na rejesho la kwanza la mkopo limelipwa.

Yule kaka wa boksi jekundu bado ana namba ya mhazini. Wiki iliyopita aliuliza wamefikia wapi, akatumiwa picha ya furushi. Akajibu: "Mmefanya kitu kigumu kuuza ofisini." Mhazini akamwambia wenzao wa mafuta ya parachichi wanatafuta mtu wa maboksi, akampa namba yao, na akawaonya wenzake wamuulize lile swali.

Kwa sasa kikundi kina ugomvi mpya. Jirani mmoja ameanza kuchovya mipini yake rangi nyekundu, mibichi, bila kukausha, na imeshaonekana Makambako kwenye pipa lilelile. Rangi pekee hawawezi kumkataza mtu. Jina na mchoro vinawezekana: alama ya biashara ikisajiliwa BRELA inalindwa miaka 7 ya mwanzo, kisha inahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Wanabishana kuhusu mchoro. Wawili wanataka mti, watatu wanataka ndege, mhazini anataka mkono ulioshika mpini. Jumatatu tunafungua maombi kwenye mtandao, kwa hiyo wana siku nne za kuelewana.